Kulungu Aliyezamishwa Ziwani: Uchambuzi wa Kisa cha Tafsiri ya Kiingereza cha Kale

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika mradi mdogo wa tafsiri ulioendeshwa na walimu wa lugha wa chuo kimoja cha Afrika Mashariki. Jina la chuo, majina ya wahusika na mwaka nimeviondoa. Mimi niliitwa baadaye kama msomaji wa nje, rasimu ikiwa imeshakamilika na michoro imeanza.

Kazi yenyewe ilikuwa kutayarisha kitabu cha kufundishia: ukurasa wa kushoto kipande kifupi cha Kiingereza cha Kale, wa kulia tafsiri yake ya Kiswahili, na mwishoni faharasa ya maneno. Walimu walitaka wanafunzi wa isimu waione lugha ikibadilika maana mbele ya macho yao, bila kuvushwa kwanza na Kiingereza cha leo. Nia hiyo niliipenda tangu siku ya kwanza na bado naipenda. Mwanafunzi wa kwetu akisoma maandiko ya miaka elfu moja iliyopita moja kwa moja kwa Kiswahili anajifunza jambo kuhusu lugha zote mbili.

Vipande vilivyoleta mzozo vilikuwa vinne. Viwili vilitoka katika utenzi wa shujaa Beowulf: maelezo ya ziwa la kutisha anamoishi mama wa zimwi Grendel, na pale shujaa anapozama humo na kushambuliwa na viumbe vya majini. Cha tatu ni simulizi la Ohthere, bwana mmoja wa Norwei aliyemweleza Mfalme Alfred wa Wessex, aliyetawala 871 hadi 899, jinsi watu wanavyoishi kaskazini ya mbali. Cha nne ni sentensi chache za mtawa Bede kuhusu utajiri wa kisiwa cha Britania. Bede alikamilisha historia yake kwa Kilatini mwaka 731, ikaja kutafsiriwa kwa Kiingereza cha Kale katika zama za Alfred au karibu nazo. Baadaye kiliongezwa kipande cha tano, kutoka tarihi ya Peterborough, yaani kumbukumbu za mwaka kwa mwaka, ya mwaka 1087, kinachomweleza Mfalme William Mshindi wa Uingereza baada ya kufa kwake.

Katika vipande hivyo vyote mna maneno mawili yaliyosababisha taabu: "deor" na "weoloc". La kwanza ndilo lililozaa "deer", neno ambalo Kiingereza cha leo hulitumia kwa mnyama mwenye pembe za matawi. La pili ndilo lililozaa "whelk", jina la konokono fulani wa baharini. Yote mawili bado yako hai, na uhai wao ndio uliowaponza wafasiri.

Yaliyotokea

Mfasiri wa kwanza alianza na faharasa. Ni utaratibu wa kawaida: unakusanya maneno yanayojirudia, unayapa visawe, kisha unafasiri matini yote kwa visawe hivyo ili kazi isiyumbe. Alipofika kwenye "deor" alilitambua mara moja, maana umbo lake halijaachana sana na la leo. Akaandika: kulungu. Akaendelea.

Katika simulizi la Ohthere kisawe hicho kilionekana kufaa. Ohthere alijivunia wanyama 600 wa kufugwa, na "kulungu 600" hawamshtui msomaji. Lakini aya chache mbele Ohthere anaeleza kodi ambayo Wafinna, watu ambao leo wengi huwaona kuwa ndio Wasami, walikuwa wakilipa. Rasimu ilisema wanalipa "kwa ngozi za kulungu, manyoya ya ndege, mifupa ya nyangumi na kamba za merikebu". Kisha orodha inafafanuliwa: mtu wa daraja la juu kabisa hulipa ngozi 15 za mata, ambaye ni mnyama mdogo wa jamii ya fisi-maji anayefanana na nguchiro kwa umbo, ngozi tano za wanyama wa theluji waitwao hran, ngozi moja ya dubu, na kanzu ya ngozi ya dubu au ya fisi-maji. Msomaji anaambiwa kodi ni ngozi za kulungu, halafu anaoneshwa ngozi za karibu kila mnyama wa msituni. Hakuna aliyeuliza.

Kisha likaja ziwa. Mstari wa 1510 wa Beowulf una neno "sædeor". "Sæ" ni bahari. Basi rasimu ikasema hivi: "kulungu wengi wa baharini wakaishambulia deraya yake kwa pembe zao za vita."

Hapo naomba msomaji atue kidogo, kwa sababu kiini cha kisa kizima kimo katika neno "pembe". Matini ya asili ina "hildetuxum", na "tux" ni jino refu linalochomoza, chonge kama la ngiri. Mfasiri hakubuni kitu. Kiswahili chetu huita pembe kile kinachotoka kinywani mwa ndovu na kile kinachoota kichwani mwa ng'ombe. Kwa hiyo "pembe" ilikuwa tafsiri inayoweza kutetewa kamusini. Lakini ikiwekwa karibu na kulungu, akili ya msomaji haina tena nafasi ya kufikiria meno. Inaona pembe za kichwani. Neno la kwanza lilikuwa limekosewa, na likalivuta la pili, lililokuwa sawa, likosee pamoja nalo.

Mchoraji alipewa rasimu akachora alichosoma: shujaa mwenye deraya ndani ya maji ya kijani kibichi, na kundi la wanyama wa mbugani wenye miguu myembamba na kwato wakimpiga pembe. Ni mchoro mzuri kwa kweli, na ndio uliookoa kitabu. Mwalimu mmoja wa fasihi aliuona ukiwa mezani akauliza kulungu hao wanaishije chini ya maji. Swali ambalo maneno hayakuliibua kwa miezi, picha ililiibua papo hapo.

Mhariri alifungua upya vyanzo na kugundua ukweli. Katika Kiingereza cha Kale "deor" lilikuwa jina la mnyama, hasa wa mwituni, awe mkubwa au mdogo. Ndugu za neno hilo hawajahama: "Tier" la Kijerumani, "dier" la Kiholanzi na "djur" la Kiswidi hadi leo maana yake ni mnyama. Kiingereza peke yake ndicho kilicholibana. Na hata huko mabaki yalidumu, maana katika King Lear ya Shakespeare Edgar aliyejifanya mwendawazimu anasema chakula chake kimekuwa panya, buku na "deer" wadogo wa namna hiyo. Mtu hawezi kudhani hapo wanatajwa wanyama wenye pembe za matawi.

Kwa kuwa muda ulikuwa umebana, mhariri aliamuru kompyuta itafute "kulungu" kila alipo na kuweka "mnyama". Dakika moja, kazi imekwisha.

Rasimu hiyo iliyosahihishwa ndiyo niliyoletewa mimi. Katika maelezo ya ziwa nilisoma kwamba hata "mnyama mwenye pembe imara", akikimbizwa na mbwa kutoka mbali, hukubali kufia ukingoni kuliko kujitosa humo. Katika tarihi ya 1087 nilisoma kwamba mfalme alitangaza kila atakayeua "mnyama au mnyama jike" apofushwe macho. Nilirudi kwenye matini ya asili. Pale ziwani neno si "deor", ni "heorot". Katika tarihi ni "heort" na "hind". Hayo ni majina ya mnyama mmoja mahususi, dume na jike, na mfasiri wa kwanza alikuwa ameyaita kulungu kwa haki, au karibu na haki. Kompyuta haikujua tofauti. Iliwafuta wote.

Sarufi nayo haikutoa ishara. Kulungu na mnyama wote huchukua upatanisho uleule: alikimbia, wakashambulia, mwenye pembe. Laiti badiliko lingevunja upatanisho, msomaji wa prufu angekwaa na kusimama. Sentensi zilibaki laini, na ulaini ule ndio ulioficha jeraha.

Uamuzi na sababu zake

Tulikaa pamoja: mfasiri, mhariri, mwalimu wa fasihi na mimi. Jambo la kwanza tuliloamua ni kuitupa faharasa kama chombo cha kufasiria, na kuibakiza kama matokeo ya kufasiri. Kila mahali neno lilipotokea palipewa kadi yake: limo katika andiko gani, la lini, limeungana na neno gani, na majirani zake ni akina nani. Kisawe kiliandikwa mwisho.

Kwa "deor" tupu tulichagua "mnyama", au "mnyama wa mwitu" muktadha ukitaka. "Sædeor" wakawa "wanyama wa baharini", na silaha yao "chonge za vita". Kodi ya Wafinna ikawa "ngozi za wanyama", na orodha inayofuata ikaanza kufanya kazi yake ya kufafanua.

Kwa "heorot" mjadala ulikuwa mrefu zaidi, na nadhani ulistahili. Mfasiri alitetea kulungu kwa sababu kamusi nyingi ndilo zinalolitoa. Pingamizi langu lilikuwa kwamba kulungu ni mnyama wa kwetu. Yuko vichakani, pembe zake hazina matawi, na hazidondoki maisha yake yote. "Heorot" ana pembe za matawi zinazodondoka kila mwaka na kuota upya, na jamii yake haipo Afrika isipokuwa kaskazini, katika misitu ya Aljeria na Tunisia. Mwanafunzi wa Morogoro akisoma kulungu atamwona mnyama anayemjua, na atakuwa amemwona asiye. Paa alikataliwa kwa udogo wake, swala kwa sababu ni jina la kundi kubwa mno.

Tukaishia kwa ayala. Neno hilo limo katika Zaburi ya 42 ya Biblia ya Kiswahili ya Union, pale mnyama anapoionea shauku mito ya maji. Wafasiri wa Biblia walikuwa wamekutana na shida hiihii kabla yetu wakakataa kuazima mnyama wa jirani. Ayala haimwiti mnyama yeyote wa porini kwetu, kwa hiyo haileti picha ya uongo. Hasara yake ni kwamba kwa wengine haileti picha yoyote, na kwa ajili hiyo tukaomba mchoro mdogo wa pembe pembezoni mwa ukurasa.

Kurudishwa kwa ayala ziwani kulirudisha kitu kikubwa kuliko jina. Katika utenzi, ukumbi wa Mfalme Hrothgar unaitwa Heorot, yaani Ayala. Anayelieleza lile ziwa ni Hrothgar mwenyewe. Mfalme ambaye nyumba yake inaitwa ayala anasema hata ayala hathubutu kuingia mle. Kwa "mnyama mwenye pembe" hofu hiyo inapotea yote, na shairi linabaki likieleza tabia za wanyama tu.

Wale wa Ohthere tuliwaachia jina walilopewa na Ohthere mwenyewe. Matini inasema wanyama hao "huwaita hranas", na kwamba sita kati yao ni wa kutegea, wenye thamani kubwa kwa Wafinna kwa kuwa ndio wanaotumiwa kuwanasa wa mwituni. Andiko likimtambulisha mnyama kwa jina geni, mfasiri hana sababu ya kulificha. Tukaandika "wanyama wanaowaita hrani", na tanbihi ikaeleza kwamba ni jamii ya ayala wa nchi za baridi, ambao hata majike huota pembe.

Palipokuwa pagumu kweli ni 1087. Tarihi inasema William aliweka "deorfrið", akakataza kuua ayala na pia nguruwe mwitu, kisha inaongeza kwamba aliwapenda "headeor" kana kwamba yeye ndiye baba yao. "Hea" ni -a juu, -refu. Je, "deor" hapa bado ni mnyama yeyote, au ameshaanza kuwa ayala? Katika "deorfrið" tulisoma maana pana, kwa sababu nguruwe wanahesabiwa humo, tukaandika "hifadhi ya wanyama wa kuwindwa". Katika "headeor" tulisoma maana nyembamba: ayala dume na jike wametajwa hapo hapo kabla, na urefu hausifiwi kwa nguruwe. Tukaandika "ayala warefu". Neno moja, aya moja, visawe viwili. Mhariri hakufurahi, ila alikubali hoja.

Kwa "weoloc" tatizo lilikuwa la namna hiyohiyo kwa upande wa bahari. Tafsiri ya Kiingereza cha Kale ya Bede inasema kwanza kwamba Britania kuna "weolcscylle" za namna nyingi na kome wengine, na ndani yao hupatikana lulu nzuri za kila rangi. Sentensi inayofuata inasema wako "weolocas" wengi, ambao kwao hutengenezwa rangi "weolocread". Rasimu ilisema chaza mara zote mbili, kwa sababu ya lulu. Lakini chaza hatoi rangi. Tuliona kwamba katika sentensi ya kwanza neno limetumika kwa upana, kwa viumbe wa magamba kwa jumla, na katika ya pili limebana kwa mmoja. Ya kwanza ikawa "makome na chaza wa namna mbalimbali", ya pili "konokono wa baharini".

Konokono anayelingana na maelezo hayo ni yule mdogo wa miambani ambaye wanasayansi humwita Nucella lapillus. Mwanafunzi akitafuta jina la Kiingereza lililotokana na "weoloc" peke yake ataletewa Buccinum undatum, konokono mkubwa wa kuliwa, asiye chanzo cha rangi hiyo. Hii nayo iliwekwa katika tanbihi, pamoja na maelezo ya jinsi rangi inavyopatikana, ambayo mfasiri aliyaandika upya kwa uangalifu mkubwa. Gamba hupasuliwa. Ndani, karibu na kichwa, kuna mshipa mweupe uliofifia. Ute wake ukipakwa kwenye kitani hauonekani kuwa kitu. Ukianikwa juani unageuka kijani, kisha buluu, kisha mwekundu wa kuelekea zambarau, na harufu yake ni kali. William Cole wa Bristol aliyaeleza mabadiliko hayo mwaka 1685. Mkemia Paul Friedländer, mwaka 1909, alihitaji konokono 12,000 wa jamii hiyo kutoka Mediterania ili apate gramu 1.4 za rangi.

Rangi yenyewe iitwe nini? Kilatini cha Bede kinasema nyekundu, konokono anatoa zambarau. Mmoja wetu alipendekeza "damu ya mzee", na kwa jicho ni sahihi kuliko zote. Hatukuichukua katika matini, kwa kuwa "read" ya Kiingereza cha Kale ilikuwa na eneo pana, hata dhahabu iliitwa hivyo, na mwanafunzi alihitaji kuuona upana huo. Tukaandika "wekundu wa konokono", na damu ya mzee ikaenda tanbihini. Mwisho sentensi ikasomeka hivi: "rangi ambayo jua haliwezi kuififisha wala mvua kuiharibu, bali kadiri inavyozeeka ndivyo inavyozidi kupendeza."

Matokeo

Kitabu kilitoka kwa kuchelewa, na mchoro wa ziwani ulichorwa upya. Darasani, kipande cha 1087 kilichodhaniwa kuwa kigumu kuliko vyote ndicho kilichozua mazungumzo bora. Wanafunzi walijenga hoja wao wenyewe kuhusu "headeor", baadhi wakipinga uamuzi wetu kwa sababu nzuri. Ayala ilipokewa kwa mchanganyiko. Waliolelewa na Zaburi waliitambua, wengine waliuliza, na mchoro wa pembezoni uliwajibu sehemu tu. Wanafunzi wa pwani walilalamika kwamba "konokono wa baharini" ni jina la jumla mno, kwani kwao wapo wengi na kila mmoja ana jina lake. Lalamiko hilo ni la haki, ila kuazima tondo au mwingine wa kwetu kungerudisha kosa la kulungu.

Uchambuzi

Wengi wakisikia kisa hiki husema mfasiri hakuwa na kamusi nzuri. Mimi siamini. Neno "hran" halikumsumbua hata kidogo, kwa sababu hakulijua na alilazimika kulichunguza. "Deor" lilimpita kwa sababu alilijua. Sura ya neno iliyobaki ileile kwa miaka elfu ndiyo inayomlaza msomaji, na hapo ndipo uchunguzi ungepaswa kuanza. Kiswahili chenyewe kina jambo la kutufundisha hapa: "nyama" lilitumika, na mahali pengine bado linatumika, kwa mnyama mzima aliye hai, kabla ya kutulia kwenye kitoweo. Mtafsiri mgeni akikuta nyama wanakimbia porini katika utenzi wa kale, tungependa asimame kwanza.

Agizo la kubadilisha kila mahali lilikuwa baya kuliko kosa lililotangulia, na hili nalisema nikijua mhariri alikuwa na haraka halali. Kosa la mfasiri liliacha alama: kulungu majini anashangaza. Marekebisho ya kompyuta hayakuacha alama yoyote, kwa sababu "mnyama" ni neno pana linalokubalika kila mahali. Kama mwalimu wa fasihi asingekuwa ameshaufufua mjadala, nina hakika ukumbi wa Heorot ungechapishwa bila ayala wake.

Kadi za kila tokeo zilifanya kazi vizuri, lakini zilikula muda, na kwa matini ndefu zisingewezekana kwa kila neno. Kikundi sasa huziandika kwa maneno ambayo umbo lake linafanana na neno hai. Ziliponasa kosa jingine ilikuwa katika faharasa, wakati kitabu kikielekea kiwandani: "pinewincle" lilikuwa limepewa maana ya ua la buluu, kwa kuwa neno la leo linalofanana nalo hutaja ua pia. Ua hilo katika Kiingereza cha Kale lilikuwa "perfince", kutoka Kilatini "pervinca". "Pinewincle" lilihamishiwa kwenye kundi la weoloc na kuandikwa "konokono mdogo wa baharini, huliwa", na "perfince" likapewa mstari wake.